Nyumbu Hakuitwa Shahidi

Nyumbu zaidi ya milioni moja hukatiza Serengeti kila mwaka bila cheti cha tathmini ya mazingira, na hakuna anayewashtaki. Serikali ya Tanzania ilitaka barabara ya kilomita 53 tu humo, ikaburuzwa Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na watetezi wa wanyama kutoka Nairobi (huko huko ambako reli baadaye ilipitishwa juu ya hifadhi). Utetezi wa serikali ulikuwa mtamu: lami gani? Humo ndani itabaki changarawe! Juni 2014 mahakama ikazuia lami. Nyumbu hakuitwa kueleza kama lori la tani 30 likimgonga kwenye changarawe huumia kidogo kuliko kwenye lami.