Jinsi ya Kuchangia Maafa Bila Kulizwa

Maafa yametokea, na simu yako imeshajaa namba za kuchangia. Moyo umelainika. Kaa kitini, fuata hatua hizi.

Kwanza, itazame picha. Mtoto yuko juu ya bati, maji yamemzunguka. Usilie bado. Tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh, Desemba 3, 2023, lilishuka mkoani Manyara, mbali kabisa na bahari. Ukiambiwa picha ni ya huko, nawe unaona minazi pembeni ya huyo mtoto, jiulize ilipandwa lini. Onyo: utajiuliza ukishatuma.

Pili, soma jina. Kabla hujathibitisha muamala, simu inakuonyesha pesa inakwenda kwa nani. Kama "Kamati ya Maafa" inatokea kwa jina la mtu binafsi usiyemjua, simama hapo. Utaambiwa huyo ndiye mhasibu. Ukiuliza zaidi, mhasibu yuko msibani. Onyo: kidole chako kina haraka kuliko macho yako.

Tatu, jina likiwa sahihi, bado usitulie. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, ilikuwapo akaunti rasmi iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Mwezi uleule Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama hilo. Kwa hiyo linganisha namba ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyotangazwa na serikali. Onyo: ukifika tarakimu ya sita utachoka.

Nne, jihadhari na kundi la WhatsApp. Humo mna sheria ambazo hazikuandikwa popote na kila mtu anazitii. Wa kwanza anabandika ujumbe wa muamala, wengine wanafuata ili wasionekane bahili. Hakuna anayeuliza risiti. Atakayeuliza atajibiwa "kutoa ni moyo", kisha vitafuata vikatuni vya viganja vya dua mpaka swali lipotelee juu. Wewe uliza hivyo hivyo: anayepokea ni nani, itapelekwa lini, tutaonaje kwamba imefika? Mkusanyaji mkweli atanuna, lakini atajibu. Tapeli hatanuna hata kidogo. Atakuita "ndugu yangu mpendwa" na kukukumbusha kwamba Mungu anaona. Onyo: utaliandika swali, utalifuta, utaandika "Amina".

Tano, puuza "mwisho leo saa kumi jioni". Aliyepoteza nyumba leo hatakuwa nayo kesho, wala mwezi ujao. Mchango wako hautachacha. Piga simu ofisi ya mkuu wa wilaya au Msalaba Mwekundu, uulize njia wanazopokelea. Onyo: simu itaita muda mrefu, na ile namba ya kwenye kundi itapokelewa mara moja.

Mwisho, ukishalizwa, usifute ujumbe kwa aibu. Upigie mtandao wako simu papo hapo. Pesa ambayo haijatolewa huenda ikazuiwa. Kisha utume ule ujumbe pamoja na namba ya tapeli kwenda namba ya kuripoti utapeli, 15040. Ukimaliza, rudi kwenye kundi, useme wazi kwamba umetapeliwa, kabla mwenzako wa arobaini hajabandika muamala wake.