Sifa za Mtaro Ulioziba

Washairi wa Kiswahili wamemsifu mpenzi, wamelisifu jahazi, wameusifu hata mnazi. Mtaro ulioziba haujapata wa kuutungia. Leo naiondoa aibu hiyo, na sizungumzii mtaro wa kusimuliwa: wangu unapita mbele ya mlango, isipokuwa wakati wa masika, ambapo hupita sebuleni.

Sifa ndogondogo tuzimalize haraka. Mtaro ni mlezi: hakuna mbu aliyewahi kukosa malazi kwake. Ni mwalimu wa viungo: kituoni kwetu daladala huwashusha abiria ukingoni kabisa, na ajuza wa miaka 70 huruka ng’ambo na kikapu chake cha nyanya bila kocha. Konda hana haja ya kutaja kituo, harufu imeshakitaja. Tena ni mvumilivu wa serikali. Halmashauri za miji zilifutwa katika miaka ya 1970, zikarejeshwa mwaka 1978 baada ya huduma za mijini kuzorota. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mihuri ikachongwa upya, mabango yakapakwa rangi. Mtaro haukusogea hata hatua moja.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Sifa kuu ya mtaro ni kwamba ndio mtunza nyaraka mkuu wa sheria zetu.

Sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani, hupata idhini ya waziri, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Umewahi kumkuta jirani akilisoma? Gazeti hutangaza, anayehifadhi ni mtaro. Chukua koleo, uchimbe taratibu kama wataalamu wa mambo ya kale kule Olduvai. Tabaka la juu ni vifungashio vyembamba vinavyong’aa, vile vilivyokusudiwa kufungia bidhaa, vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea vitunguu. Shuka kiganja kimoja, unaikuta mifuko ya rambo yenyewe, ya buluu na myeusi, haijaoza na haina nia hiyo. Mpaka kati ya matabaka hayo ni tarehe 1 Juni 2019, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Tanzania Bara. Anayetaka kujua sheria ilisema nini, asome kitabu. Anayetaka kujua ilifanya nini, ashike koleo.

Shuka zaidi. Hapa kuna kipande cha zege, mabaki ya mfuniko uliovunjwa ili nondo zake zikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na hapa katikati ya tope kuna hati adimu: risiti ya ada ya taka. Imelipwa, imegongwa muhuri, na imezungukwa pande zote na taka zenyewe.

Wala nyaraka hizi hazifungiwi kabatini. Za serikali uziombe kwa barua, ungoje majibu. Za mtaro, masika yakishika, zinakuja zenyewe: zinapanda ngazi, zinavuka kizingiti, zinajipanga chini ya kochi. Katika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, huduma hiyo ni ya kiwango cha juu zaidi. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa ili na magari nayo yapate muda wa kusoma. Mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yake ilijengwa humohumo bondeni, yana elimu kuliko mimi.

Mtaro umesomea na sheria ya mipaka. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Za wilaya na za mitaani, zilizokuwa za halmashauri, tangu mwaka 2017 ni za TARURA. Taka zimebaki kwa halmashauri. Daladala inayopanda ukingo wa mtaro na kuubomoa hupewa leseni na LATRA, na kosa lake ni la trafiki. Kila kipande kina mwenyewe. Chupa moja ikianguka dirishani mwa basi na kubingirika hadi mtaroni, imevuka mamlaka nne bila kuonyesha kitambulisho.

Hapa kicheko kinanishinda. Nilikwenda kuuliza nani anazibua. Ofisi moja ikanielekeza nyingine, nyingine ikanirudisha nilikotoka, na barua yangu ikapokelewa vizuri sana. Ada ya taka nalipa. Gari la taka huja likijisikia. Lisipokuja, viroba hulala barabarani, mbwa wakavichana, mvua ikavimalizia. Halafu mgambo anamkamata nani? Mama muuza machungwa, kwa maganda yaliyo miguuni pake! Huyo hana pa kukimbilia na beseni kichwani, ndiyo maana sheria haimkosi. Mwananchi akikutwa na mfuko wa rambo, kanuni za mwaka 2019 zilitaja faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Sawa. Na anayezibua mtaro akaliacha tope pembeni? Huyo sijamwona akitozwa hata shilingi.

Maana ndivyo inavyofanyika. Kabla ya masika vijana huletwa na makoleo. Wanafanya kazi kwa jasho la kweli, wanalirundika tope na mchanga ukingoni, hatua moja kutoka vilipotolewa, wanaondoka. Lori la kuvizoa halionekani. Mvua ya kwanza inavirudisha vyote ndani, na mwakani zabuni ya kuzibua inatangazwa upya. Wanaotupa taka wanachangia, nami sitawatetea. Lakini mtaro wetu umezibwa zaidi na kazi nusu inayolipwa nzima.

Basi atakayekuja mtaani kuomba kura ya udiwani tusimpigie vigelegele kabla hajajibu swali moja: lori la tope liko wapi? Tope lipakiwe siku hiyohiyo linapotolewa, na mzabuni asilipwe mpaka limeondoka. Kwa hilo hatuhitaji sheria ndogo nyingine. Zilizopo zimeshaujaza mtaro.