Kompyuta, Redio Kubwa na Mjomba

Kuunganisha kompyuta na redio kubwa ya sebuleni ni kazi ya waya mmoja na ubishi wa watu wanne. Waya una pini moja ya milimita 3.5 upande wa kompyuta, na vichwa viwili upande wa redio: chekundu cha spika ya kulia, cheupe cha kushoto. Katika nyumba ya Choma cha Nkola, wilayani Igunga, ubishi huongozwa na mjomba, fundi wa kujitegemea tangu enzi za kaseti.

Pini huingia kwenye tundu la hedifoni. Kompyuta za mezani huwa na tundu la kijani la kutolea sauti na la waridi la maikrofoni; pini ikiingia la waridi, kimya. Nyuma ya redio, tundu la AUX ndilo mahali pake. TAPE OUT hutoa sauti badala ya kupokea, kwa hiyo kimya tena, na lawama huiangukia kompyuta. PHONO ni ya santuri: hupokea sauti hafifu mno na kuikuza mara nyingi, tena ikizidisha besi. Kompyuta ikichomekwa hapo, muziki hutoka umekwaruzika na kuvimba, na mjomba hutangaza kwamba spika zimekufa.

Sauti ya kompyuta hupandishwa karibu na mwisho, ya redio ikaanzia chini. Wengi hufanya kinyume, redio ikakuza muziki pamoja na mikwaruzo ya kompyuta.

Kisha unakuja mngurumo. Huu ndio ambao panya wa darini husingiziwa, na tiba yake ya kwanza ni kuipiga redio kofi ubavuni. Mara nyingi chanzo ni umeme wa volti 230, unaotikisika mara 50 kwa sekunde: chaja ya kompyuta na redio zikifika ardhini kwa njia mbili tofauti, mkondo mdogo hupita kwenye waya wa muziki na spika huuimba. Kipimo ni rahisi: chaja ichomolewe. Mngurumo ukikata, panya hawana kesi. Vyombo vyote viwili vichomekwe kwenye ekstensheni moja; ukibaki, kuna kifaa kidogo chenye transfoma ndani kinachowekwa katikati ya waya. Kung'oa pini ya ithi kwenye plagi, ushauri ambao mjomba hachelewi kuutoa, ni kutafuta kupigwa shoti.

Linabaki faili lenyewe. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo uliobanwa kuwa MP3 ya 128 umeshapoteza mengi, na waya haurudishi kilichotupwa. Ngoma za zamani za Tabora Jazz au Kiko Kids nazo hazifai kwa majaribio ya kulia na kushoto, maana rekodi nyingi za enzi hizo ni mono: chekundu na cheupe vikibadilishana nafasi, hakuna atakayegundua.

Na chaja ikiwa bado imechomolewa kwa ajili ya kipimo, betri ikikaribia kuisha kompyuta hupiga kengele yake kupitia spika zote, katikati ya solo ya gitaa, hadi kuku wa jirani wanatawanyika. Milio hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya sauti, kabla wageni hawajaketi.