Safari ya Kufuata Mzigo

Haya nimeyapata kwa Kitasa cha mlango wa chumba kimoja huko Sinza. Kitasa ni mmbea, lakini hajawahi kunidanganya, na kwa kuwa hushikwa na kila anayeingia na kutoka, siri za nyumba ile zote humpitia mkononi. Anasema ilikuwa usiku wa Jumamosi. Baba wa nyumba alikuwa sebuleni akitazama mpira, mkewe, Bosi, ameingia bafuni, na Bosi akiingia bafuni si mtu wa kutoka upesi. Vitu vya chumbani vikapata nafasi ya kusema.

BEGI: Jamani, nimeshushwa kutoka juu ya kabati. Nikishushwa mimi, mtu anasafiri.

PASIPOTI: (kutoka kwenye droo) Tunasafiri. Na ukizungumza na mimi, jipanguse vumbi kwanza. Mimi nimelipiwa 150,000, nina chipu ndani, na tangu juzi nina viza ya Uturuki.

BEGI: Uturuki unaniambia mimi? Laleli, kule Istanbul wanakonunua nguo wenzetu wa Kariakoo, naijua kuliko ninavyoujua Mtaa wa Kongo. Nimeburutwa kwenye ngazi zake, nimejazwa magauni mpaka zipu ikalia. Kinachonishangaza ni kimoja: nimemsikia Bosi akisema safari hii nirudi mtupu. Mfanyabiashara gani anarudi na begi tupu?

KIGODORO: (nyuma ya taulo, kwa sauti ndogo) Mzigo wa safari hii hauingii kwenye begi, kaka.

Kikapita kimya.

(Kwa msomaji ambaye hajui soko: Kigodoro ni ile nguo ya ndani yenye sponji mbili nyuma. Huyu alinunuliwa Kariakoo, akafungwa haraka kwenye mfuko mweusi, muuzaji akitazama huku, mnunuzi kule. Akifuliwa huanikwa humo humo chumbani, nyuma ya mlango, na juu yake hutupiwa taulo. Ana miaka minne kazini na hajawahi kuona jua.)

KIGODORO: Shikamoo, Bibi Kanga.

KANGA: Marahaba, mwanangu. Sema. Hapa hakuna aliye karibu naye kuliko wewe.

KIGODORO: Naachishwa kazi, bibi. Anakwenda kuchukua la kudumu.

KANGA: La kudumu nini?

SIMU YA PILI: (ndani ya foronya, anakoishi, kwa kuwa baba wa nyumba hamjui) Kalio, bibi. Nina sauti za dalali humu mpaka nimejaa. Ni mama mmoja mwenye maneno matamu, kila sentensi “mpenzi”. Anapokelewa uwanjani na gari, anapewa mkalimani, analala hospitali usiku mmoja, kisha hoteli siku zilizobaki. Daktari anampiga nusu kaputi, anaingiza mrija tumboni na kiunoni, anafyonza mafuta, anayasafisha, halafu anayachoma sindano nyuma. Mafuta ni yake mwenyewe. Dalali hilo analirudia sana: “Ni yako mwenyewe, mpenzi.”

DERA: Ngoja kwanza! Ndiyo maana! Mwezi mzima huu chipsi mayai kila usiku, na soda juu yake! Miaka kumi mwanamke huyu amekunywa maji ya ndimu ya vuguvugu apunguze tumbo, mimi ni shahidi, nilikuwa juu yake. Ghafla anakula kama ana mashindano.

SIMU YA PILI: Dalali alimwambia mafuta ni machache, aongeze kilo tano ndipo daktari apate pa kuchota.

DERA: Kwa hiyo kalio linapikwa hapa Sinza kwa chipsi mayai, linasafirishwa mbele, linakwenda kugeuziwa Istanbul lirudi nyuma.

BEGI: Na uwanjani halipimwi! Mimi nikizidi kilo mbili natozwa.

KIOO: Samahani. Aliyesema mafuta ni machache alimpima wapi?

SIMU YA PILI: Kwa picha. Tatu: mbele, ubavuni, nyuma. Si zilipigwa mbele yako?

KIOO: Nazikumbuka. Alivaa taiti nyeusi. Akajipinda, akavuta pumzi, akajitazama begani. Na ndani ya taiti...

Wote wakageukia taulo.

KIGODORO: Nilikuwemo.

DERA: Shoga! Ulikuwemo kwenye picha ya daktari?

SIMU YA PILI: Aliona haya kumtumia mtu wa mbali hali halisi. Jibu lilirudi baada ya dakika nne. “Nyuma pana msingi mzuri, tutaongeza kidogo tu.”

KIGODORO: Msingi mzuri? Amesema hivyo? (Sauti ikamkatika.) Miaka minne mimi sijaambiwa neno jema na mtu yeyote.

Kitasa ananiambia hapo Begi alicheka mpaka gurudumu likatoka. Mimi sikucheka sana. Nimeshawahi kuona watu wakipimwa vipimo vitatu kabla ya kushonewa gauni la sendoff, na fundi bado akakosea.

PASIPOTI: Mnakuza mambo. Istanbul ni mji wa tiba. Dunia nzima inakwenda.

BEGI: Hilo kweli. Pale kwenye mkanda wa mizigo nimewaona wanaume wamejipanga, vichwa vimefungwa bendeji, utosi una vitone vyekundu kama shamba la mchicha lililopandwa jana. Wamehamishiwa nywele za kisogoni kuja mbele. Wanakwepana macho. Wanawake hao wa nyuma ndio utawatambua haraka zaidi: abiria wote wamekaa, wao wamesimama.

DERA: Kwa nini wasimame?

SIMU YA PILI: Hawaruhusiwi kukalia. Wiki mbili, na wengine huambiwa zaidi. Mafuta yaliyohamishwa hutafuta damu ya kuyalisha, ukiyakandamiza yanakufa. Hata usipoyakalia, sehemu yake mwili huinyonya ndani ya miezi michache. Halafu kuna koseti ya kubana mchana na usiku, na kulala kifudifudi.

BEGI: Na ndege kutoka Istanbul hadi hapa ni kama saa saba. Atazimaliza vipi?

SIMU YA PILI: Anauziwa mto wa kuweka chini ya mapaja, kalio lielee. Na kukaa saa nyingi angani mtu ametoka kupasuliwa juzi kunaweza kugandisha damu miguuni. Hilo dalali hajalisema. Nimelisoma mwenyewe, maana Bosi hulitafuta saa nane za usiku, kisha hulifuta.

KIOO: Soma na lile jingine.

SIMU YA PILI: Lipi?

KIOO: Lile lililomfanya akae kitandani na taa imewaka hadi adhana ya alfajiri. Mimi husoma maandishi yako kinyumenyume, lakini nasoma.

SIMU YA PILI: ...Upasuaji huu uliwahi kukadiriwa kuua mtu mmoja kati ya 3,000. Kwa urembo hiyo ni hesabu ya kutisha. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wauache kwanza. Sindano ikizama mpaka kwenye msuli, pale pana mishipa mikubwa ya damu. Mafuta yakiingia humo, yanapanda moyoni na kwenye mapafu. Wapo waliokufa hapo hapo mezani. Madaktari waangalifu sasa hubaki juu ya msuli, chini tu ya ngozi, na wengine huongozwa na mashine ya picha.

KIGODORO: Mimi nilihama mara moja. Harusi ya Mbagala, singeli imepamba moto, sponji ya kushoto ikaja ubavuni. Bosi akakimbilia chooni, akanisukuma, nikarudi mahali pangu, akatoka akamalizia wimbo. Hayo mafuta yakihama, yanasukumwa na nani?

Hakuna aliyejibu. Kitasa anasema hata mpira sebuleni ulikuwa umekwenda mapumziko.

PASIPOTI: Hayo huwapata watu wasio na uwezo, wanaokwenda vichochoroni.

KIOO: Stella Obasanjo alikuwa mke wa rais wa Nigeria. Oktoba 2005 alikwenda Hispania kupunguza tumbo, akarudishwa kwenye jeneza, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 60. Mwaka 2009 mahakama ya huko ikamtia hatiani daktari wake. Ulitaka uwezo gani zaidi ya huo?

Pasipoti akajifunga.

KIOO: Wala siuchukii ufundi wenyewe. Ni wa heshima. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowatoboa askari nyuso, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengenezea pua na taya katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917. Husimuliwa kwamba vioo vilipigwa marufuku wodini wasijione. Sikukasirika niliposikia. Ila wale walikuwa wanatafuta uso wa kurudi nao nyumbani. Huyu wetu nimemtazama miaka tisa, sijaona kilichopungua.

KANGA: Usijifanye mtakatifu, Kioo. Nani humwita kila asubuhi? Na wala tusiseme uongo umeanza leo. Enzi zetu mwali aliwekwa ndani, akalishwa vinono, akasingwa, akavikwa shanga kiunoni. Na mwanamke mwembamba akienda ngomani, tulifungwa kanga tatu kwa mpigo ili nyuma pajae. Mimi nilikuwa ya katikati. Lakini ngoma ikiisha tulifunguliwa, akapumua.

DERA: Mimi naomba kuuliza. Kama ni kupasuliwa, kwa nini asipande gari aende Mloganzila? Pale wanaweka puto tumboni kwa wanaotaka kupungua, na upasuaji rekebishi wameshaufanya, hadi wa makalio. Daktari atamwona ana kwa ana, atamvua hata huyu Kigodoro. Kidonda kikifunguka, anarudi kesho yake na kadi yake.

SIMU YA PILI: Nimeandaliwa maneno tayari: “Istanbul, nimekuja kupumzika.” Picha ya dirisha la ndege, picha ya kikombe cha chai ya Kituruki. Sasa Mloganzila ataandika nini? “Barabara ya Morogoro, nimekuja kupumzika”?

DERA: Kidonda kikifunguka akiwa Kariakoo je?

SIMU YA PILI: Dalali amesema atume picha.

BEGI: Na mimi? Ataambiwa asibebe kizito. Nani ataniburuta?

KANGA: Mnauliza ya mizigo. Mimi nauliza fedha.

SIMU YA PILI: Kicoba, bibi. Amekopa. Kwenye fomu, pale penye “madhumuni ya mkopo”, ameandika “kuongeza mtaji”.

Kitasa anasema hapo hata Bibi Kanga, mtu wa heshima zake, alijifunika uso kwa pindo lake mwenyewe. Maji yakazimwa bafuni. Simu akazama kwenye foronya, Pasipoti akarudi kwenye droo, Kioo akajifanya kioo.

Bosi akaingia na harufu ya sabuni. Akasimama mbele ya Kioo na kanga moja, muda mrefu, bila kujipinda wala kuvuta pumzi. Akajishika kiuno. Akakohoa kidogo. Kisha akavuta taulo nyuma ya mlango, akamchukua Kigodoro, akambonyeza kuona kama amekauka, akamweka juu ya nguo za safari. Picha za uwanjani lazima zitoke vizuri.

Mumewe akachungulia, akishika Kitasa.

“Mama, si juzi tu ulisema dukani nguo zimejaa? Uturuki tena kufuata nini?”

“Mzigo,” akasema Bosi.

“Mzigo huo huo?”

“Mkubwa zaidi.”

“Haya. Mungu akujaalie,” akasema mzee, akarudi kwenye mpira wake.

Bosi aliondoka Jumatatu tarehe 2. Tiketi inasema anarudi Alhamisi tarehe 12. Marejesho ya kwanza ya kicoba ni Jumapili tarehe 15, nyumbani kwa mwenyekiti, saa kumi jioni, na wanachama wote hukaa chini, kwenye mkeka.