Ringi Nyepesi, Mfuko Mwepesi Zaidi

Wapenzi wa mbio za baiskeli wanatuambia ringi ya kaboni yenye spoku 20 ndiyo maendeleo. Sawa, ila maendeleo hayo hayajaonja barabara ya Bunia kwenda Mahagi wakati wa mvua. Huko ringi ni ya chuma, juu yake magunia. Spoku ikikatika, fundi wa kando ya njia huingiza nyingine, huikaza, kisha huzungusha gurudumu kuona linapoyumba. Kaboni ikipasuka, mtamwita nani? Mtasema uzito hupunguza kasi. Kweli, hasa mlimani. Lakini UCI yenyewe, shirikisho la kimataifa la baiskeli, hairuhusu baiskeli ya mashindano chini ya kilo 6.8, kwa hiyo wepesi mnaoununua kwa bei ya pikipiki una kikomo. Fanyieni mazoezi kwenye ringi za alumini zenye spoku 32. Za kaboni ngojeni lami.