Nilitaka Viungo, Nikaletewa Kiungo

Walimu wa zama hizi tuna ugonjwa mmoja: tukishahifadhi kiungo cha mtandaoni, tunajiona tumeshaandaa somo. Bonyeza, hifadhi, kalale. Asubuhi unaingia darasani na kurasa tele, na hujui hata moja inasemaje.

Shuleni kwetu tulifungua hazina ya pamoja. Ukiona ukurasa mzuri unauweka humo, unaubandika lebo, na wenzako wanautafuta kwa lebo hiyo. Ndivyo tovuti ya Delicious, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, ilivyoizoesha dunia: hakuna mkutubi, kila mtu ajipangie. Aliyebuni utaratibu huo bila shaka hakuwahi kukaa ofisi ya walimu. Muhula haujaisha, tayari tulikuwa na lebo za "muhimu", "muhimu sana", "MUHIMU!!!" na "anza na hii". Mwalimu wa hisabati alizipa kurasa zake zote lebo ya "x". Anayeihitaji, alisema, aitafute.

Wanafunzi nao wakaruhusiwa kuchangia. Kwenye biolojia nikawaagiza walete viungo vyenye lebo ya "wanyama". Nikawasha projekta, nikabonyeza cha kwanza: Victor Wanyama, nahodha wa zamani wa Harambee Stars, anampokonya mtu mpira katikati ya uwanja. Nilitaka viungo, nikaletewa kiungo mkabaji. Darasa likalipuka kwa shangwe.

"Lakini madam," kijana mmoja akajitetea, "lebo si ndiyo hiyo?"

Ndiyo hiyo.

Halafu kuna misiba. Huduma hizi za kuhifadhi viungo hufa kama kuku wakati wa kideri. Delicious ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikapita mikono kadhaa, hadi mwaka 2017 mshindani wake Pinboard alipoinunua na kuizuia isipokee kiungo kipya. Google Bookmarks ikazimwa 2021. Pocket ikafuata 2025. Na hata huduma ikipona, ukurasa wenyewe huhama bila kuaga, maana tunachohifadhi ni anwani, si mwenye nyumba.

Kwa hiyo sasa tuna masharti. Kila kiungo kiwe na sentensi moja ya kueleza kitafundisha nini. Kifunguliwe kabla ya kipindi, bando likiwepo. Cha lazima kichapwe kwenye karatasi.

Masharti hayo yalitokana na kidato cha pili. Siku ya somo la moyo, ukurasa wenye mchoro ulikuwa umetoweka, ukutani ikatokea "404" kubwa kama bango la harusi. Nami nikihangaika na nyaya, wanafunzi, waliozoea kunakili chochote kinachotokea mbele yao, wakanakili. Kwenye mtihani wa muhula nikauliza: moyo wa binadamu una vyumba vingapi?

Mmoja akajibu: 404.

Nilisita na kalamu yangu nyekundu. Nne alikuwa nayo, tena mara mbili.