Jinsi ya Kumtaja Nondo kwa Jina Kabla Hajaruka

Nondo waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni zaidi ya laki moja, na wewe una jioni moja tu, taa ya barazani na wageni wanaokutazama. Usiogope. Njia ya mkato ipo, na inafika.

1. Anza na ramani, bawa baadaye. Wengi hukodolea madoa macho mpaka nondo anaondoka, ilhali nusu ya kazi inafanywa na mahali uliposimama. Chukua yule mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni na mabawa ya nyuma ya manjano. Wenye fuvu ni spishi tatu tu duniani, na mbili kati yao, Acherontia styx na Acherontia lachesis, ni za Asia. Basi ukiwa Morogoro au Machakos, sema "Acherontia atropos" bila kupepesa macho. Ukiwa Uarabuni punguza kasi, maana styx naye hufika huko. Kisha ongeza kwamba huyu huingia mizingani kuiba asali, na ukimshika hutoa mlio mwembamba. Hapo hata waliokuwa kwenye simu watainua vichwa.

2. Kariri wachache wanaokuja wenyewe. Yule wa kahawia anayeingia sebuleni usiku, mwenye mstari wa rangi ya krimu uliokatiza mabawa na jicho kwenye bawa la mbele, ni Cyligramma latona. Wa kijani mwenye mabaka kama gwanda la jeshi ni Daphnis nerii. Hao wawili na mwenye fuvu wanatosha kukujengea jina mtaani.

3. Kwa wadogo wa kahawia, taja familia. Sema "Noctuidae" kisha unywe chai yako. Akitokea mbishi anayetaka spishi, mwambie ukweli: wengi wao hawatofautishwi kwa mabawa hata kidogo, ni mpaka wapasuliwe na viungo vyao vya uzazi vitazamwe kwa hadubini. Ndivyo wataalamu wanavyofanya, na mezani hakuna atakayeendelea kuuliza.

4. Akiwa amechakaa, sema amechakaa. Rangi za nondo ni magamba madogo, ule unga unaobaki vidoleni, na kadiri anavyozeeka ndivyo unavyopukutika pamoja na michoro. Chungulia bawa la nyuma; nondo wengi hulifunika wanapotua, kwa hiyo huenda limesalimika. Mpige picha kutoka juu, na sarafu kando yake, kabla mtu hajamgusa.

5. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wajanja huumbuka: angalia ramani yako ilichapwa mwaka gani. Kitabu cha 2010 kitakuambia Spodoptera frugiperda ni nondo wa mabara ya Amerika, na kilikuwa sahihi. Mwaka 2016 aliripotiwa Afrika Magharibi. Kufikia 2017 alikuwa tayari kwenye mahindi ya Kenya na Tanzania, na akaja kuitwa kiwavijeshi vamizi. Aliyefuata ramani ya zamani alimtazama adui akasema haiwezekani awe yeye.

Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike ni wa kijivu, hana alama ya kujivunia. Mitego ya feromoni hutumia harufu ya jike, hivyo inanasa madume, na hiyo ni bahati yako: umeletewa nusu iliyo rahisi. Lakini usihesabu kila kilichonaswa. Nondo wengine huvutwa na chambo hichohicho, na mkulima akipewa hesabu ya uongo atanunua dawa asiyoihitaji, kwa pesa ya ada ya mtoto. Barazani kisia upendavyo. Shambani usikisie.

Shambani mkato wake ni huu: mwache nondo, mtafute kiwavi. Kichwani ana herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kwa umbo la mraba. Ukiviona vyote viwili, mwite afisa ugani siku hiyohiyo, viwavi wakiwa bado wadogo. Wakishazama ndani ya moyo wa mhindi, dawa haiwafikii kirahisi.